Shimo Kando ya Jiko la Bibi

Wiki iliyopita nilirudi kijijini kwetu Mnyuzi, nikakuta kando ya jiko la bibi pamemwagwa zege. Nilisimama pale na magongo yangu, nikacheka peke yangu mpaka wifi akadhani jua limenipata. Wewe ngoja nikueleze, maana pale ndipo nilipojifunza kusimama.

Nilizaliwa na miguu isiyo na nguvu. Nilipokuwa mkubwa wa kutosha kwenda shule na bado natambaa, bibi alichimba shimo la kunifika kiunoni, akanisimamisha ndani, akanijazia mchanga wa mtoni. Mchanga ukanishika, mikono ikabaki huru. Humo nilipukuchua mahindi na kuchambua kisamvu, huku treni ikipita na moshi wa kuni ukinichoma macho. Bibi alisema kazi haiulizi miguu, na nikizembea alinigombeza kama wajukuu wengine.

Siku moja akaja mama mmoja kutoka kituo cha watoto wenye ulemavu cha mjini. Mjomba ndiye aliyemwita, ili nikaishi huko. Kuniona tu, akapiga yowe: "Jamani, mtoto mmemzika mzima mzima!"

"Hajazikwa," bibi akajibu, hata hakuinuka. "Yuko kazini. Karibu ukae, mwanangu."

Yule mama alikuwa mwema, ila hakulegea. Wakapatana kwamba akirudi baada ya mavuno anikute nimesimama nje ya shimo, la sivyo naondoka naye. Niliogopa sana. Babu akanifungia uani milingoti miwili mikavu ya mkonge, sambamba usawa wa kiuno, niwe naishikilia huku na huku. Kila asubuhi nilianguka, na kila nilipoanguka bibi alinitania, "Inuka, mke mwenzangu, au unaniachia babu peke yangu?"

Siku aliyorudi nilikuwa wima katikati ya milingoti. Nikamwambia, "Shikamoo." Alilia kabla ya kuitikia. Niliachwa nyumbani. Baadaye aliniletea magongo ya kwanza, na kabla hajaondoka akavua kanga yake, akapimia kina cha shimo ili akawaonyeshe mama wengine wenye watoto kama mimi. Bibi alitembea kwa maringo wiki nzima.

Sasa bibi na babu hawapo, milingoti imeliwa na mchwa. Wifi aliniletea kiti, akakiweka palepale kwenye zege.

Nikamwambia asante, lakini mahali hapa mimi huwa nasimama.