Ini la Prinsi

Jedidah wa Werugha, kijiji cha mlimani, hakuwa mtu wa kuchagua kazi. Alikuwa amefua matandiko ya wagonjwa, amebeba samadi kichwani kwenye matuta ya mlimani, na alipofiwa na mumewe aliteremka kwenye joto la Voi kuwa yaya katika nyumba ya meneja wa shamba la katani. Watoto wa meneja walipopelekwa shule Uingereza, yeye hakufukuzwa. Alikabidhiwa mbwa. Dharau hiyo aliimeza, maana binti yake Mable alikuwa bado kwenye bweni la shule ya misheni, na bila mshahara huo binti angerudi nyumbani kuchunga mbuzi.

Mbwa mwenyewe aliitwa Prinsi. Alikuwa mzee, mnene, na moyo wake mbovu. Tumbo lilimjaa maji likaning'inia kama kiriba. Akikohoa, povu lilimdondoka likaganda kwenye zulia, na wa kulipangusa alikuwa Jedidah. Daktari wa mifugo alipanda treni kutoka Nairobi kuja kumpima. Ni daktari gani aliyewahi kupanda Werugha kupima watu, tuyaache hayo. Aliacha vidonge vya moyo, vya asubuhi na jioni, pamoja na masharti: asivikose, asile chumvi, na asishikwe kinywa kwa nguvu, kwani akipigana na mtu moyo unaweza kusimama.

Prinsi hakuvitaka. Memsahibu, mke wa meneja, alikificha kidonge kwenye siagi, kwenye jibini, hata kwenye jemu. Mbwa alilamba kila kitu, kisha akakitema kidonge kimejaa ute. Jedidah alikiokota kwa vidole, kikafichwa upya, kikatemwa tena. Ikafika mahali hata akishika tonge la ugali wake alihisi ule ute mkononi, akaliweka chini.

Siku moja jikoni alikata kipande cha ini alilokuwa akimpikia mbwa, akala, aone kama limeiva. Prinsi alimtazama akitafuna, akamtazama mpaka akameza. Alipotupiwa lililobaki, na kidonge ndani, alilila bila hata kulinusa. Memsahibu alikuwa mlangoni, akapiga makofi kwa furaha. Jedidah mwenyewe ndiye aliyewahi kumsimulia kwamba kwao mlimani mgeni hanywi kitu kabla hakijaonjwa mbele yake, apate kujua hakina sumu.

"Sasa wewe kula kwanza, kila siku," memsahibu alisema. "Prinsi ataona, halafu yeye kula. Kama desturi yenu."

Ikawa hivyo asubuhi na jioni. Ini halina chumvi, tena nusu bichi kwa sababu Prinsi ndivyo alivyolipenda, na mbwa amesimama pua kwa pua na Jedidah akimpumulia uozo usoni. Jedidah hakuwahi kutia chakula kinywani bila kumshukuru Mungu, lakini ini la Prinsi alilila kimya, kwa makusudi. Mbwa alimtia kinyaa. Memsahibu alimtia kinyaa zaidi. Na aliyemtia kinyaa kuliko wote alikuwa Jedidah mwenyewe, aliyeitoa heshima ya kwao nje ikafanywa mchezo wa mbwa.

"Si uteme tu, dada?" Maundu, mpishi, alimuuliza.

"Nikitema, naye hali. Ananiangalia koo."

Jumapili moja wakaja wageni, akina Bwana Donald wa shamba la jirani na mkewe, wakaketi barazani kunywa chai. Memsahibu alikuwa amekwisha kuwaeleza, kwa hiyo walianza kucheka kabla Jedidah hajafika na sahani.

"Piga magoti, Jedidah, wao waone vizuri."

Jedidah aliitazama sahani. Alimfikiria Mable, akajua vizuri anachokitupa, na bado magoti yalikataa.

"Memsahibu, nilikosa kukueleza sawasawa," alisema. "Kwetu mtumishi haonji. Anaonja mwenye nyumba, maana ndiye mgeni anayemwogopa."

Akaiweka sahani mbele ya memsahibu, kati ya vikombe.

Kicheko kilikatika. Memsahibu aliiva uso. Angeweza kukataa, lakini muda mfupi tu uliopita alikuwa akiwaambia wageni wale kwamba Prinsi kwake ni mtoto, kwamba hakuna asiloweza kumfanyia. Bwana Donald akawa anakoroga chai iliyokwisha kukorogwa. Prinsi alikwisha kujongea, ulimi nje, akihema, macho kwa bibi yake.

Memsahibu alikata kipande kidogo kwa uma, akakitia kinywani. Akatafuna. Uso ulimkunjamana, mabega yakamruka, akachukua leso haraka na kukitemea humo.

Prinsi aliona. Alikiangalia kipande kilichobaki, kidonge kikiwa ndani, akageuka na kujikokota hadi chini ya meza, na huko akaanza kukohoa, kikohozi kile kirefu cha maji kisichotaka kwisha.

"Jedidah," memsahibu alisema, leso bado iko mdomoni. "Tafadhali."

Neno hilo Jedidah hakuwahi kulisikia katika nyumba ile. Alifungua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya kiti.

"Lililobaki linatosha, memsahibu. Ukimeza, atakula."