Nilivyomchora Mama Kando ya Kijito

Kazi yangu ni kuchora mabango ya saluni na bucha mjini Tukuyu. Sikuwahi kujiita msanii. Lakini bata wa mama walipoanza kufa mmoja mmoja, kule kwetu Isongole, ilinibidi nifanye jambo. Wakulima wa viazi walikuwa wakiosha mabomba ya kupulizia dawa kijitoni, na mama akichota maji pale chini kidogo. Tulilisema kwenye mkutano wa kijiji, wakaitikia kwa vichwa, kesho yake wakarudi na mabomba yao.

Ukuta wa ghala la viazi unatazamana na pale wanapooshea. Nikaomba ruhusa kwa mwenye ghala, nikaanza kuchora fuvu la kichwa, kama lile la kwenye chupa za sumu. Mama akaja kuangalia.

"Hilo fuvu la nani?" akauliza. "Hakuna anayelijua. Nichore mimi."

"Watu watakucheka, mama."

"Wacheke. Si mimi ninayeyanywa maji hayo?"

Basi nikalifuta fuvu, nikamchora yeye: ameinama na ndoo, kitenge kimefungwa kifuani, mguu wake unaomsumbua umetangulia. Mvua ilinikatiza kila mara. Nilikuwa narudi mjini nimelowa, mabega yanauma, najiuliza nani alinituma.

Siku moja jirani yetu mmoja alifika na bomba mgongoni. Mama alikuwa pale pale, anafua. Jirani akautazama ukuta, akamtazama mama.

"Mama, hii picha yako inaniangalia. Nitaoshaje?"

"Kaoshee shambani, mwanangu."

Akageuka, akapandisha mlima na bomba lake chafu. Baadaye yeye na wenzake walichimba shimo mbali na maji, la kuoshea. Nilifurahi, sikatai.

Furaha haikudumu. Asubuhi moja tulikuta uso wa mama umepakwa tope. Hatukujua ni nani. Nilitaka kuacha yote.  Mama alichukua kitambaa chenye maji akaanza kujipangusa ukutani, taratibu, na shavu lote likatoka pamoja na tope. Nikakaa kwenye nyasi mbichi. Kisha nikafungua kopo la rangi.

Tangu hapo naupaka ukuta ule upya kila masika yakiisha. Huku kwetu mvua haina huruma na rangi. Wengi siku hizi huoshea shimoni. Wengine huja alfajiri, kabla ya watu kuamka, na mimi huokota chupa zao za dawa kwenye matete. Mama bado anachota pale pale, maana bomba la maji la kijiji halijafika kwetu.

Mara ya mwisho nilipomaliza, aliniuliza kama nimechoka.

"Nimechoka, mama."

"Hata mimi," akasema, akanisogezea kikombe cha chai. Tukanywa mpaka ukungu ukashuka.