Diski ya Kuchomoa

Miaka ile Gisenyi kila nyumba ilikuwa na kifurushi karibu na mlango: blanketi, nguo za watoto, unga kidogo. Waasi wa msituni walikuwa wakishukia barabara na kuchoma magari wakati wowote. Ukisikia mlio, unashika kifurushi kwanza, maswali utauliza ukiwa Goma, ng'ambo ya mpaka. Ofisi yetu nayo ilikuwa na kifurushi chake. Kilikuwa diski mpya yenye mafaili yetu, iliyokaa kwenye droo ya mbele ya seva yenyewe, ile mashine iliyopokea ujumbe wetu wote, ili siku ya kukimbia tuichomoe tuondoke nayo.

Seva hiyo tuliitunza mimi na mwenzangu mmoja, mzaliwa wa mjini hapo ambaye mama yake alikaa Goma. Kumbukumbu ya mashine ilikuwa ndogo. Ikijaa, ilihitaji mahali kwenye diski pa kuweka vya ziada, kama mwenye meza finyu anavyoshusha sufuria sakafuni. Mahali hapo mafundi hupaita swap, nasi tulikuwa na diski mbili za kuchagua: ile mpya ya droo, au kuukuu ya ndani iliyokuwa ikikoroma.

"Weka kwa ile mupya," mwenzangu alisema. "Iko mbio."

"Na ukiichomoa mashine ikiwa kazini? Itakufa papo hapo."

"Siku ile wote tutakuwa tunakimbia. Nani atabakia kusoma message?"

"Haraka haraka haina baraka."

"Bon, baraka tutaiomba kanisani."

Mkubwa wetu alicheka, akamkubalia yeye. Nilikasirika, tena niliogopa, maana dereva wa ofisi alikuwa mume wangu. Simu zilikuwa zimekatika. Habari za barabara zilitufikia kwa redio kama maandishi, zikipitia seva hiyo hiyo. Kila asubuhi kabla ya kwenda Ruhengeri mume wangu alisimamisha gari chini ya dirisha langu. Wenzetu wa kule waliandika pale tu njia ilipokuwa mbaya. Kukiwa kimya, ninampungia mkono, anakwenda.

Asubuhi moja alikuja na muuguzi, mwanamke mcheshi aliyekuwa anakwenda Ruhengeri kumchukua mwanawe kwa bibi. "We dada," alinipigia kelele, "punga basi! Ama unanionea wivu na bwana yako?" Nilikuwa nimeshainua mkono. Hapo maneno yakaanza kuingia kwenye skrini: *Magari yote ya asubuhi*...

Paa! Kitu kililipuka nje. Mwenzangu hakufikiri, mkono wake ulikuwa umeshazoea. Alichomoa diski, akaikumbatia, akawa mlangoni. Skrini ikaganda. Kisha tukasikia watu wakicheka barabarani. Lilikuwa tairi la lori la viazi.

"Rudisha hiyo diski, mjinga we!" nilimfokea. Aliirudisha, lakini mashine ilikuwa imekufa, na kuiwasha upya na kuomba ujumbe tena kulitaka muda.

Nikateremka mbio. Magari mengine ya abiria, yaliyozoea kwenda na letu kwa msafara, yalikuwa yanaanza kuondoka, na hakuna dereva aliyetaka kubaki nyuma peke yake.

"Mama watoto, vipi?" mume wangu aliuliza.

"Ujumbe umekatika. Huendi."

"Ulikuwa unasemaje?"

"Sijui! Ndiyo maana huendi. Heri nusu shari kuliko shari kamili." Nikaingiza mkono dirishani, nikachomoa ufunguo.

Niliwaeleza madereva wengine vilevile. Mmoja alinijibu kwamba wake za watu wanaota sana. Muuguzi alishuka akicheka. "Basi mi niende na hawa. Mutoto ananingojea." Nilimshika mkono. Aliutoa taratibu, akapanda gari la mbele.

Mashine ilipoamka, magari yalikuwa yamekwishapita Mahoko, njiani kwenda Ruhengeri, na hayakuwa na redio. Mwenzangu ndiye aliyesoma: *Magari yote ya asubuhi yasitoke.* Akakaa chini sakafuni, akiitazama droo.

Gari la mbele ndilo lililochomwa.

Kesho yake tulihamishia swap kwenye diski kuukuu, wala hatukubishana. Mume wangu alinikuta nje ya ofisi ilipofungwa, akanipa kifurushi alichokikuta kwenye kiti cha abiria, pale alipokaa muuguzi. Ndani mlikuwa na mkate na sweta dogo la kufumwa kwa mkono. Tuliuliza sana kule Ruhengeri. Hatukumjua mtoto kwa jina, wala nyumba ya bibi yake, na sweta hilo tunalo mpaka leo.