Samaki Mzito wa Kivu

Ukitaka kucheka, cheka. Mimi bado nina hasira na mdomo wangu.

Huu ni mwaka wa tatu tangu nirudi Gisenyi kutoka Tanga, na muda wote nimewachosha wenzangu wa ghalani kwa sifa za kuvua kwenye miamba ya bahari. Jumapili iliyopita wakanipeleka ziwani nikawaoneshe. Kwa kuwa niliwaahidi samaki, hakuna aliyebeba chakula. Mama Claudine, karani wetu, alibeba kikaango, mafuta na chumvi tu.

Mvua ikaanza, upepo ukausukuma mtumbwi wetu kuelekea Goma.

"Turudi," akasema bosi wetu wa ghala.

"Mzee, huu nao ni upepo?" nikamjibu, nikatupa jiwe la nanga. Kamba ikaisha yote. Nikatangaza kwamba limeshika mwamba. Mwamba gani, mjinga mimi! Kivu ni kina tupu. Jiwe lilikuwa linaning'inia chini ya mtumbwi.

Mara ndoana yangu ikanasa kitu kizito.

"Mkubwa huyo! Vuteni!"

Watu wazima watano, wamelowa chapachapa, wakavuta mshipi mpaka viganja vikachubuka. Bosi akaanza kuimba. Mimi nikazidi kuwafokea: taratibu, mtamkatisha!

Akaibuka. Lilikuwa jiwe langu la nanga, ndoana yangu imenasa kwenye kamba yake.

Mama Claudine akafungua chupa ya mafuta, akaniangalia.

"Bon, fundi wa bahari. Hii jiwe yako tunakaanga ao tunachemsha?"