Kisanduku Kilichobaki

Nakiri mwenyewe mapema, kabla hamjasikia kwa Mwalimu Haule ambaye huwa anaongeza chumvi: mimi, bwana mifugo mstaafu, mtu niliyechanja ng'ombe wa wilaya tatu bila kupigwa teke la maana, nimeumbuka ukweni Kisarawe mchana kweupe, nikiwa na kanzu mpya na koti juu yake, mbele ya wazee, kina mama, na watoto wa jirani waliopanda ukutani ili waone vizuri. Na kilichoniumbua ni kompyuta, kitu ambacho hakuna aliyenilazimisha kuwa nacho.

Tulipostaafu, wanetu walituambia tuchague kila mtu kifaa chake, wao watanunua. Mke wangu Mama Rehema akachagua simu ya kupangusa, na wiki hiyo hiyo akawa anajua nani kajifungua Kwala na nani kavunja uchumba Mlandizi. Jirani yetu Mwalimu Haule yeye alikwishanunuliwa laptopu, na anaibeba kwenye mkoba hata akienda kununua mkaa (sitanii, muulizeni muuza mkaa). Mimi nikasema simu inatumbukia chooni, laptopu inakwapuliwa, nataka kompyuta ya mezani, kitu kizito ambacho kikikaa kimekaa. Binti yangu Rehema akaniambia, "Baba, watu wa umri wako siku hizi wanachukua simu tu, ndiyo rahisi." Nikamwambia hao watu wa umri wangu aniletee niwaone. Mfukoni nikabaki na kitochi changu, kile kisimu cha vitufe, ambacho kilishakufa spika ya sikioni, kwa hiyo kila anayenipigia anasikika na mtaa mzima.

Kompyuta ikaja: kioo kipana, kibodi, kipanya, na kisanduku cheusi cha kukaa chini ya meza. Hapa naomba mnielewe, maana shida yote imezaliwa hapa. Umeme wetu mnaujua unavyopanda na kushuka, na friji yetu ina kisanduku chake cheusi, stabilaiza, ambacho unakiwasha kwanza, unasubiri kidogo, ndipo friji inaanza kunguruma. Sasa na kompyuta nayo nikaona ni yale yale: unabonyeza kisanduku cha chini, unasubiri kidogo, kioo kinawaka. Wewe ungefikiri nini? Mwaka mzima nimecheza karata na kusoma habari nikijua kabisa kwamba kompyuta ni ile inayoonyesha picha, na kile cha chini ni stabilaiza. Sikumuuliza mtu, na hakuna aliyeniuliza.

Basi kuna huyu kijana wetu Saidi. Ni mtoto wa marehemu kaka yangu, nimemlea tangu ana miaka saba, na ingawa ananiita baba mdogo, ukimgusa umenigusa mimi. Saidi ni fundi wa injini kwenye meli za mizigo, anakaa majini miezi na miezi na huko simu haishiki. Alimpenda Tatu, binti wa Mzee Pazi wa Kisarawe, tukapeleka barua ya posa, na Mzee Pazi akatujibu kwa upole kabisa: barua ameisoma, ni nzuri, lakini yeye hamuozeshi binti yake kwa mtu ambaye hajaiona sura yake wala kuisikia sauti yake. Tena kulikuwa na mwingine mwenye duka la vipuri aliyeleta barua yake, na yeye sura yake inaonekana kila siku. Tukapewa mpaka Jumapili.

Kwa bahati meli ilitia nanga mahali kwa siku moja, Saidi akajirekodi video ya kuwasalimu wakwe, akaituma kwa Rehema na kwa Mama Rehema, halafu akapotea tena baharini. Rehema akaja nyumbani akaniwekea kwenye kompyuta. Tuliangalia mwanzo tu, kijana kavaa shati jeupe, anasema asalaam aleikum, umeme ukakatika. Nikasema inatosha, iko humo, tutaiona yote Kisarawe pamoja na wenye binti.

Mama Rehema akasema, "Chukua simu yangu, video si ninayo?" Nikamwambia nitaanzaje kuwapokeza wazee wa watu simu mkono kwa mkono kama tunagawana kashata, wakati hilo ni jambo la heshima na linataka kioo cha heshima. Mwalimu Haule, ambaye alikuwa ananisindikiza na kigari chake, akasema, "Basi twende na laptopu yangu." Nikamjibu kwamba hiyo yake wataona watu wawili na waliobaki wataangalia visogo. Akaniambia, "Mzee mwenzangu, wewe ni mbishi sana." Nikamwambia aache mkoba wake nyumbani, tunakwenda na kompyuta ya kweli.

Asubuhi ya Jumapili nikachomoa nyaya. Kibodi nikaiacha, hatukuwa tunakwenda kuandika. Kipanya nikakiacha vilevile (nilidhani ukiwasha tu video itakuwa pale pale ilipoishia, kama kitabu ulichokikunja ukurasa). Na kisanduku nikakiacha kwa hesabu kabisa, nikijisemea kwamba Mzee Pazi ni mtu mwenye nyumba yake, hawezi kukosa stabilaiza. Kioo nikakiviringisha kwenye blanketi, nikakipakata kutoka kwetu Kibaha, njia nzima ya Kiluvya mpaka Kisarawe kama mtoto mgonjwa. Mwalimu kila akiingia kwenye shimo nilimkemea.

Tulipokelewa vizuri sana. Aliyetutangulia mlangoni ni Bibi Mwajuma, mama yake Mzee Pazi, mwanamke mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora na wale ni Wazaramo, kwa hiyo ni watani wetu, na yeye hakupoteza muda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wee Mnyamwezi, mpaka leo hamjaacha kubeba mizigo?"

Watu wakacheka, nami nikacheka, nikaingia na mzigo wangu. Ndani walikuwa wamekaa wazee wanne kwenye makochi, kina mama kwenye mkeka, na kati yao dada yake Mzee Pazi, Shangazi Zuhura, mwenye simu mapajani. Tukasalimiana, dua ikasomwa, nikasimama nikasema kijana yuko safarini lakini leo mtamuona na kumsikia kama yupo hapa. Nikalifungua blanketi.

Na hapo ndipo Bibi Mwajuma alipopiga kigelegele. Runinga ya nyumba ile ilikuwa imekufa tangu masika, sasa yeye kuona kioo kikubwa kinatoka kwenye blanketi la wakwe akajua ni zawadi yao. Kina mama wakaitikia, vigelegele vikatoka nje, na ndani ya dakika chache ukuta wa ua umejaa watoto: "Kina Tatu wameletewa tivii!" Mwalimu Haule akanitazama. Ilikuwa nafasi yangu ya kusema hapana, jamani, hii ni kompyuta na ina mwenyewe. Sikusema, nilikohoa tu nikaomba nionyeshwe soketi.

Nikauliza kama kuna stabilaiza, Mzee Pazi akasema ipo ya friji, wakaichomoa ya friji. Nikachomeka. Kioo kikawaka taa ya buluu, moyo wangu ukatulia, halafu kikaandika maneno mawili ya Kiingereza yakawa yanaelea, huku na huku, yakigonga pembeni na kurudi. Mwalimu akasogeza miwani akasoma, akaninong'oneza, "Inasema haipati mawimbi."

"Inatafuta mtandao," nikawatangazia wazee, kwa sauti ya mtu anayejua. (Mpaka leo sijui sauti ile niliitoa wapi.)

Tukangoja. Mzee mmoja akasema mtandao wa nyumba hii unashika vizuri uani, karibu na banda la kuku. Basi ikaletwa waya ya kurefusha umeme, nikakibeba kioo nje, msafara mzima nyuma yangu, viti vikahamishwa, mkeka ukahamishwa, Mzee Pazi akaketi kwenye kiti cha uvivu katikati ya kuku. Yale maneno mawili bado yanaelea. Shangazi mwingine akasema jua linazuia, ikaletwa khanga kukifunika, mimi na Mwalimu tukaingiza vichwa ndani ya khanga, na humo gizani Mwalimu akaniuliza polepole, "Hivi kile kisanduku cha chini ya meza, una hakika ni stabilaiza?" Nikamwambia anyamaze. Tulipotoka, mtu alikuwa keshapanda juu ya bati kuzungusha antena ya ile runinga iliyokufa, anauliza kwa sauti, "Hapa je? Imekuja?" na watoto ukutani wanamjibu kwa pamoja, "Baaado!"

Jasho lilinishuka mpaka kwenye soksi. Sikuwa nafikiria aibu tena, nilikuwa namfikiria Saidi huko aliko, ametegemea mimi nitampeleka, na yule wa duka la vipuri sura yake inaonekana kila siku. Nikajiona nimempotezea mtoto wa kaka yangu mke kwa ajili ya ukubwa wa kioo. Nilitaka kulia, na si utani.

Kitochi kikalia. Mama Rehema. Nikapokea, nikasahau kabisa habari ya spika.

"Baba Rehema! Hiki kisanduku chako kimebaki huku!"

"Nitakupigia baadaye."

"Usikate! Rehema yuko hapa, anasema kisanduku ndiyo kompyuta yenyewe! Video imo humu! Hicho ulichobeba ni kioo kitupu!"

Ua wote ukanigeukia. Hata yule wa juu ya bati aliacha kuzungusha. Nilikuwa nabonyeza kila kitufe nikatishe simu ile, na mke wangu akaendelea, kwa sauti yake ile ya kuita watu shambani:

"Lakini usihangaike! Mimi nilishamtumia Shangazi Zuhura tangu Ijumaa! Nakujua ulivyo!"

Nikamgeukia Shangazi Zuhura, naye akajifunika mdomo kwa mtandio, mabega yanatikisika. Nikamgeukia Mzee Pazi. Mzee Pazi alikuwa anatazama kuku.

"Mzee mwenzangu," nikasema, "mmeshaiona?"

"Mara tatu," akasema. "Sasa mgeni ametoka Kibaha na mzigo kama huo, mimi naanzaje kumwambia tumeshaona? Nikasema tumwache awashe."

Aliyefuata ni Bibi Mwajuma. Aliinuka pale mkekani, akaja mpaka mbele yangu, akanitazama kuanzia kofia mpaka viatu. "Babu zako walibeba mizigo kutoka Tabora mpaka pwani, haikupungua hata mmoja," akasema. "Wewe kutoka Kibaha tu umesahau nusu!"

Ndugu zangu, kicheko kilichotoka pale sijawahi kukisikia hata harusini. Mwalimu Haule alikaa chini kabisa. Yule wa juu ya bati aliteleza kidogo akashika antena. Mimi mwenyewe nilianza kucheka nikiwa bado na machozi ya kile kilio nilichokibana, vikachanganyika.

Tuliporudi ndani, Shangazi Zuhura akanipa simu yake, akasema labda mimi ndiye sijaiona yote. Kweli sikuwa nimeiona. Wazee wakanisogelea, vichwa vikagusana, kofia kwa kofia, tukatazama kijikioo cha kuenea kiganjani. Saidi akasalimia, akasema anampenda Tatu na kazi yake ni ipi na atarudi lini. Halafu akasema: "Atakayekuja kwenu ni baba mdogo. Kwangu huyo ndiye baba. Ni mbishi, mtanisamehe, lakini katika maisha yangu hajawahi kuniacha njiani."

Nikamrudishia Shangazi simu yake. Mzee Pazi akaniwekea mkono begani. "Jibu letu tulikuwa nalo tangu Ijumaa," akasema. "Tulibakiza kumuona huyo mbishi. Tumemuona. Mwambie kijana aje amchukue mke wake." 

Nilipotaka kukiviringisha kioo changu, Bibi Mwajuma alilikalia blanketi. Akasema hiyo ndiyo faini ya utani, kinabaki hapo mpaka Saidi aje kukikomboa mwenyewe. Saidi alikuja, ndoa ikafungwa, na kioo hakikutoka. Kipo chumbani kwa Bibi Mwajuma, amekifunika kitambaa cha kufuma, hakionyeshi chochote na yeye hajalalamika.

Mimi siku hizi nina simu ya kupangusa, na nimeapa kwamba sitanyanyua tena kitu chochote cha nyumba hii kabla sijamuuliza Mama Rehema kazi yake ni nini, hata kama ni ndoo. Kisanduku bado kiko chini ya meza, nakipangusa vumbi kila Ijumaa. Na ile video ninayo. Jioni nikiwa peke yangu naifungua, na ikifika pale anaposema mimi ni mbishi, nairudisha nyuma kidogo nisikilize tena.