Mlezi wa Kikundi

Baba alikuwa mpiga kayamba. Mchana alikuwa bawabu wa ghala moja kule Changamwe, na jioni akirudi nyumbani Junda, huko huko Mombasa, akishaoga na kunywa chai, alikaa barazani na kayamba mapajani akiitikisa polepole, sikio ameliinamisha, asikilize kama mbegu zilizomo ndani ya matete zinatembea vizuri. Nyingi alizitengeneza mwenyewe. Akipata isiyomridhisha huifumua yote akaanza upya, na mama alikuwa akimlalamikia kwa takataka za matete zilizojaa uani.

Kikundi chetu cha mwanzele, ile ngoma ya kwetu Wagiriama inayochezwa harusini na matangani, kilianzia hapo barazani. Kwanza walikuja kina mama watu wazima wawili waliojua nyimbo. Kisha wakaja vijana, Wakristo kwa Waislamu, wengine hata si Wagiriama. Mwenyekiti wetu alikuwa dada mmoja wa Kiswahili aliyeuza mahamri na mbaazi kando ya barabara. Alipenda ngoma tu. Mimi nilikuwa katibu, kwa sababu nilikuwa nimesoma chuo na sikuwa na kazi.

Kazi yangu hasa ilikuwa kuomba ufadhili. Niliandika maombi mengi. Wengine walitujibu kwamba tujaribu tena mwakani, wengine hawakujibu kabisa. Hatukuwa tukiomba makubwa: sare, nauli, na mahali pa kufanyia mazoezi, maana majirani walikuwa wameanza kuchoka na kelele zetu.

Siku moja nikaona tangazo kwenye simu. Wafadhili walitaka vikundi vya utamaduni, lakini vya vijana. Viongozi na wachezaji wote wawe chini ya miaka thelathini na mitano. Niliwasomea wenzangu uani kwa mwenyekiti, na nilipofika hapo watu wakamgeukia baba.

"Basi tuliache hilo," mwenyekiti akasema. "Kikundi ni cha mzee. Tutamtoaje mzee?"

Baba alikuwa amekaa kwenye mkeka. Akauliza, "Hilo tangazo linasema sisi wazee tusionekane, au tusiwepo?"

"Baba, linasema wachezaji wawe vijana."

"Basi niondoeni. Nitakaa pembeni niwaangalie."

"Wallahi mzee, hiyo itakuwa ni kukukosea adabu," mwenyekiti akasema.

"Hamjanikosea. Nimesema mwenyewe."

Mmoja wa wale kina mama akacheka, akasema kama ni hivyo, wao watapika chai. Wote tukacheka, na baba pia. Nilifurahi alivyocheka. Niliona jambo limekwisha kwa amani.

Nilipokuwa naandika ombi, niliona haya kuacha jina lake lisitokee popote, nikamweka kama mlezi wa kikundi. Nilimsomea.

"Mlezi ndiye nani?" akauliza.

"Ndiye anayewashauri wengine."

Akalifikiria. "Ni neno zuri," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Miezi ikapita, kisha tukaarifiwa kwamba afisa wa miradi atakuja kutuona. Tulikodi viti vya plastiki na turubai. Baba alivaa koti lake la kanisani. Nilidhani atakaa na kina mama nyuma, lakini mwenyekiti, kwa heshima, akamketisha mbele, kiti cha pili kutoka kwa mgeni. Afisa alikuwa kijana wa bara, mwenye adabu sana. Alimwamkia baba shikamoo kabla ya kumsalimu mtu mwingine yeyote.

Vijana wakacheza. Aliyeshika kayamba alikuwa mwanafunzi wa baba mwenyewe, na alipiga vizuri, siwezi kusema uongo. Mimi nilikuwa nimesimama ubavuni napiga picha. Nikaona mikono ya baba juu ya magoti inakwenda na ngoma, vidole vinatetemesha kitu kisichokuwepo. Alipogundua, akaikunja kifuani.

Ngoma ilipokwisha, afisa akamgeukia akitabasamu.

"Mzee, na wewe ulikuwa ukicheza?"

Baba akanitazama mimi kwanza.

"Zamani," akasema.

Jumapili iliyopita tu alikuwa amepiga mpaka jasho likalowesha shati, kwenye harusi hapo hapo mtaani.

Ufadhili tuliupata. Watu walikumbatiana, mwenyekiti akagawa mahamri bure siku ile. Tukashona sare, tukakodi ukumbi mdogo, tukaanza kwenda shule za msingi kuwafundisha watoto. Ilikuwa kazi nzuri. Nilipoona watoto wa huku kwetu Kisauni wakiimba nyimbo ambazo bibi yangu aliziimba akipepeta mahindi, nilikwenda msalani nikalia.

Lakini baba hakuja tena mazoezini. Mwanzoni alisema amechoka na kazi. Halafu ikawa mguu. Halafu hakutoa sababu tena, nasi tukaacha kumsumbua. Jioni moja nilimkuta barazani mikono mitupu, nikakaa karibu naye.

"Baba, mbona huji? Wenzangu wanakuulizia kila siku."

"Nikija wananipa kiti."

"Si ni heshima, baba?"

"Ni heshima, mwanangu. Nao wamelelewa vizuri. Lakini mtu ukishapewa kiti, na ngoma iko mbele yako inachezwa, utafanya nini pale?"

"Njoo kesho upige. Kesho hakuna mgeni."

Akatikisa kichwa. "Nikipiga kesho nitataka kupiga kesho kutwa. Na wafadhili wakija kutaka picha, itabidi nikae tena. Sasa nimeshazoea hivi." Akaniuliza kama nimekula.

Mradi ulipomalizika tuliomba uongezwe. Jibu likaja, la upole, kwamba sasa wanafadhili mambo mengine. Ukumbi tukaurudisha. Tuliporudi uani kwa mwenyekiti walikuja watu wachache, na wiki iliyofuata wakapungua zaidi. Walikuwa wamezoea kupewa nauli. Sikuwalaumu. Walikuwa na watoto, na yule kijana mpiga kayamba alikuwa amepata kazi ya utingo kwenye lori.

Baba alipatwa na kiharusi asubuhi akijiandaa kwenda kazini. Upande wa kulia ukafa. Tulimtoa hospitali akiwa anazungumza kwa shida, neno moja, mawili. Nilikuwa nikimkanda mkono kama nilivyoelekezwa, nikimfungua vidole kimoja kimoja. Siku moja nikamwekea kayamba mapajani, nikidhani itamchangamsha. Aliishika kwa mkono wa kushoto kwa muda, kisha akaisukuma polepole kuelekea kwangu.

"Mpe mtu," akasema.

"Nimpe nani, baba?"

Akafumba macho. Nadhani hakuwa na wa kumtaja.

Alifariki mwaka huo huo. Tulimzika kijijini kwao, upande wa Kaloleni. Mchana wa matanga nilisikia gari likirudi nyuma uani, nikatoka. Ami zangu walikuwa wakishusha maspika makubwa, yale ya disko. Nikauliza mbona hakuna mwanzele. Ami mkubwa akaniambia kwa huruma, "Nani atapiga, binti yangu? Aliyekuwa akipiga ndiye huyu tuliyemzika."

Mwenyekiti alikuja kutoka Junda na wale kina mama wawili. Walimwomba ami ruhusa waimbe kidogo, na muziki ukazimwa. Waliimba wakipiga makofi, bila kayamba, na mwenyekiti wetu, ambaye Kigiriama chake ni cha kuokoteza, akaitikia kila kiitikio bila kukosea. Sauti zao zilikuwa nyembamba uwanjani pale. Watu walisikiliza kwa heshima. Wimbo wa pili ulipokuwa ukiendelea, vijana waliokaa nyuma wakaanza kuuliza muziki utarudi saa ngapi. Kina mama wakasikia. Wakaumaliza wimbo upesi kuliko inavyotakiwa, wakakaa. Muziki ukarudi.

Nilikwenda nyuma ya jiko, wanawake walikokuwa wakiosha masufuria. Mwenyekiti akanifuata, akakaa karibu yangu juu ya gunia, akaushika mkono wangu. Kelele zilikuwa nyingi, hatukuweza kuzungumza. Tulikaa hivyo mpaka akaitwa kwamba gari la Mombasa linaondoka.