Kichwa cha Bibi Harusi

Saluni ilikuwa chumba kimoja chenye kioo kirefu, viti viwili na feni iliyokuwa ikizungusha joto lile lile. Wateja wa kiti cha kushoto walikuja kwa ajili ya Mwepesi. Jina hilo alipewa kwa sababu ya kasi ya mikono yake, na lilimng'ang'ania hata baada ya baridi yabisi kumvimbisha vidole mpaka pete ya ndoa ikabidi ikatwe.

Daktari hakumficha kitu. Ugonjwa huu hauishii kwenye viungo, alimwambia. Moto ule ule unaochoma vifundo unaitafuna mishipa ya moyo pia. Ameze dawa ya mara moja kwa wiki ili kuuzima, na kidonge cha kupunguza mafuta kwenye damu kila siku. Vile vya maumivu vya kununua dukani aviache, kwa kuwa vinaupumbaza mkono na kuuelemea moyo.

"Nikiviacha nitasukaje?"

"Ukiwa hai utasuka, mama."

Lakini dawa ya wiki ilimchafua tumbo siku nzima iliyofuata, na siku hiyo haikukosa bibi harusi. Akaiahirisha, akaiahirisha tena, mwisho akaiacha. Kile cha mafuta kilifuata njia hiyo hiyo. Cha maumivu tu ndicho alichokisikia kikifanya kazi.

"Dawa usiyoisikia ni kama mgeni asiyesema," alimwambia wifi yake, mwenye kiti cha kulia. "Utamwamini vipi?"

"Wewe unawapenda wenye kelele tangu zamani. Ndiyo maana ukaolewa na kaka yangu."

Asubuhi moja alikuwa amefika katikati ya kichwa cha bibi harusi, nusu kimelala kwa misuko, nusu kimesimama wima, mkono wa kushoto ulipoanza kumuuma. Maumivu yalishuka hadi kiwiko, yakapanda tena hadi tayani. Hakushtuka. Ameishi na maumivu miaka mingi, na taya nayo si kiungo? Jasho akaisingizia feni.

"Wifi, umepauka," mwenzake alisema. "Kaa kidogo."

"Nikikaa, huyu ataolewa nusu kichwa."

Bibi harusi akacheka. Mwepesi akameza kidonge cha maumivu, kisha kingine, akaendelea kusuka. Safari hii mkono haukupoa. Alifunga msuko wa mwisho kwa meno, akamgeuza mteja ajitazame kiooni, kisha akateremka taratibu mpaka sakafuni, juu ya mabaki ya nywele.

Aliamka hospitalini. Sehemu ya moyo ilikuwa imekufa, alisema daktari, na saa alizozitumia kukimaliza kile kichwa ndizo zingeiokoa. Vidonge vya maumivu sasa ni marufuku kabisa. Dawa zilizobaki zingelinda kilichobaki. Vidole vilivyokwisha kupinda visingenyooka.

Siku hizi humeza zote kwa wakati. Wifi hupita kila asubuhi kumfungulia vizibo vya chupa, maana mikono haishiki.

"Wateja wanakuulizia."

"Umewaambiaje?"

"Kwamba umesafiri. Sasa wanauliza unarudi lini." Wifi alikohoa kidogo. "Yupo msusi wa mtaa wa pili anakitaka kiti."

"Mkono anao?"

"Anao, ila mzito."

Mwepesi aliitazama mikono yake iliyolala pajani.

"Mpe."

Wifi alifungua kizibo kingine.